Kijibwa Chotara Anapougua: Anza na Mizani

Kashata ana kilo 2.4. Mama yake ni Chihuahua, baba yake Yorkshire Terrier, na mchanganyiko huo watu wanauita Chorkie. Aliyeniuzia aliniambia maneno ambayo karibu kila mnunuzi huambiwa: "Chotara hawaugui ovyo, damu imechanganyika." Niliamini, na miaka sita ya kuishi naye imenifundisha kwamba maneno yale yana ukweli nusu tu. Kuchanganya damu husaidia pale kasoro inapokuwa upande mmoja. Chihuahua na Yorkshire Terrier wanashirikiana kasoro zao: magoti legevu, bomba la hewa lisilo na nguvu, meno yaliyosongamana kwenye taya jembamba, na sukari ya damu inayoshuka haraka utotoni. Ukiwapandisha, mtoto anazipokea kutoka pande zote mbili.

Kinachobadilika zaidi ni sura. Mzao mmoja unaweza kutoa mwenye masikio yaliyosimama na mwenye masikio yaliyolala, mwenye manyoya mafupi na mwenye manyoya marefu laini kama nywele za mtu. Klabu kubwa zinazotunza kumbukumbu za mbegu za mbwa hazimtambui Chorkie, kwa hiyo hana uzito rasmi. Kwa Chihuahua kikomo cha Marekani ni pauni 6, yaani kilo 2.7, kwa Yorkshire Terrier ni pauni 7, kama kilo 3.2. Chotara wao anaweza kuwa humo au akazidi.

Ndiyo maana chombo cha kwanza ninachomshauri mtu anunue ni mizani ya jikoni, ile ya beseni. Mpime kila wiki, siku ileile, kabla hajala, na uandike. Kijibwa wa kilo 2.4 akipungua gramu 200 amepoteza sehemu moja ya kumi na mbili ya mwili wake, na kwa macho hutaona kitu, hasa akiwa na manyoya marefu. Damu yake yote ni kama mililita 200, haijazi chupa ndogo ya soda. Karibu kila tatizo hapa chini linaanzia kwenye udogo huo, na karibu kila kosa la matibabu nililoliona linatokana na mtu kuusahau.

Amelegea ghafla, anayumba, au hataki kuamka

Asubuhi moja Kashata, akiwa na umri wa wiki kumi, hakuja mlangoni. Nilimkuta kwenye boksi lake amelala ubavu, shingo haina nguvu, macho wazi lakini hayanitazami. Nikadhani amelishwa sumu. Kumbe alikula mara ya mwisho saa kumi na mbili jioni, na mimi nimeamka saa mbili asubuhi. Saa kumi na nne bila chakula kwa mtoto wa kiasi kile ni nyingi mno.

Ini ndilo ghala la sukari ya akiba, na ini lake ni dogo. Misuli ni kidogo, mafuta hana, na ubongo wake unatafuna sukari wakati wote. Akikosa mlo mmoja, akicheza kupita kiasi, akiwa na minyoo, akihara au akipata baridi, sukari inashuka. Huanza na usingizi usio wa kawaida na kuyumba kama mlevi, kisha misuli hutetemeka, mwisho degedege.

Chukua asali au sukari iliyokorogwa kwa maji kidogo ikawa nzito, umpake kwenye fizi na chini ya ulimi kwa kidole. Kwa mtoto wa kilo moja, robo kijiko cha chai inatosha kuanzia. Usimmiminie kinywani akiwa hajitambui, kwa sababu itaingia kwenye mapafu. Mfunike apate joto. Akiinua kichwa na kuweza kumeza, mpe chakula halisi, kwani asali peke yake itaisha na atarudi palepale. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama amechangamka. Kama hazinduki ndani ya dakika chache, usisubiri nyumbani. Endelea kumpaka mkiwa njiani.

Usitumie kitu chochote kilichoandikwa kuwa hakina sukari. Baadhi ya bazoka, pipi na hata siagi za karanga hutiwa zailitoli, kitia utamu kinachotumika badala ya sukari, ambayo kwa mbwa hushusha sukari ya damu na kuua ini.

Kinga ni milo minne kwa siku mpaka afike miezi minne, wa mwisho ukiwa karibu na wewe kulala. Baada ya hapo mitatu, na akikomaa miwili inamtosha.

Kama analegea *baada* ya kula badala ya kabla, anazungukazunguka, anakandamiza kichwa ukutani na hakui kama ndugu zake, fikiria jambo jingine. Yorkshire Terrier ni miongoni mwa mbegu zinazojulikana kwa kuzaliwa na mshipa wa damu unaolikwepa ini, hivyo sumu zitokanazo na mlo haziondolewi na hufika kwenye ubongo. Mwombe daktari kipimo cha asidi za nyongo, kinachochukuliwa kabla na baada ya kula.

Ukigusa kichwa na kukuta utosi laini kama wa mtoto mchanga, huo unatoka kwa Chihuahua. Wengi huishi nao bila shida. Waambie watoto wasimpige hata kofi la mchezo kichwani, na umtajie daktari ili aufuatilie.

Anakohoa kama bata bukini

Kikohozi ndicho kinachowachanganya watu kuliko yote, kwa sababu sauti nne tofauti huitwa jina moja. Kabla ya kutafuta dawa, mrekodi kwa simu. Daktari atajifunza mengi kwenye video ya nusu dakika kuliko kwenye maelezo yako, maana kijibwa akifika kliniki huacha kukohoa.

Kikohozi kikavu chenye mlio wa bata bukini, kinachokuja akifurahia mgeni, akivuta kamba au akinywa maji, huelekeza kwenye bomba la hewa. Bomba hilo hushikiliwa wazi na pete za gegedu zenye umbo la herufi C. Kwa mbwa hawa gegedu hulegea, na bomba hujikunja kila anapopumua kwa nguvu. Vua mkanda wa shingoni leo hii na umvalishe mkanda wa kifuani. Mpunguze uzito kama amezidi. Nimeona kikohozi kikipungua kwa zaidi ya nusu kwa hilo peke yake. Halafu angalia hewa ya nyumbani kwako. Dawa ya mbu ya kuchoma, udi, ubani, jiko la mkaa lililowekwa kibarazani, sigara: sisi tunavuta moshi huo tukiwa juu, yeye anauvuta akiwa chini pembeni ya chetezo. Tumia chandarua. Fukiza udi akiwa chumba kingine, na umrudishe moshi ukishatoka.

Kikohozi kinachofanana na hicho lakini kilichoanza ghafla, siku chache baada ya kukutana na mbwa wengine au kulala kwenye nyumba ya kulelea mbwa, huenda ni cha kuambukiza. Mtenge na wenzake.

Kuna sauti ya tatu ambayo si kikohozi kabisa. Anasimama, shingo ameinyoosha, viwiko amevitanua, anavuta hewa ndani kwa pua mfululizo kwa kishindo kama anayekabwa. Inatisha, lakini huisha kabla ya dakika moja na mara nyingi haina madhara. Mpapase koo taratibu. Ikitokea mara nyingi kwa siku, au pua moja ikitoa damu au usaha, achunguzwe. Pengine amevuta ukoka au mbegu.

Ya nne ni ya mbwa mtu mzima, kuanzia miaka saba au minane, anayekohoa zaidi usiku na kuchoka akitembea kidogo. Hapo fikiria moyo, kwani vali za moyo za mbwa wadogo huchakaa uzeeni. Akiwa amelala fofofo, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Chini ya 30 ni kawaida. Ikizidi 30 usiku baada ya usiku, usimpe dawa ya kikohozi ya watu, mpeleke.

Fizi au ulimi ukigeuka rangi ya buluu, kwa sauti yoyote kati ya hizo, ni dharura ya saa hiyohiyo.

Anatembea, anainua mguu mmoja wa nyuma, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea

Kiswahili kina jina la zamani la pia ya goti: kilegesambwa. Ukimfuga kijibwa utalielewa neno hilo vizuri. Pia ya goti lake hukaa kwenye mfereji usio na kina, na huteleza kuelekea upande wa ndani. Hatua mbili tatu anaruka kwa miguu mitatu, anaunyoosha mguu, pia inarudi, anaendelea na safari.

Madaktari huligawa tatizo hili katika daraja nne. Daraja la 1 pia hutoka pale tu inaposukumwa kwa kidole. Daraja la 4 imetoka moja kwa moja na hairudishiki. Wengi wa daraja la 1 na la 2 huishi bila upasuaji wakitunzwa. Utunzaji wenyewe ni huu: asinenepe, sakafu ya vigae itandikwe mkeka au zulia pale anapopita mbio, manyoya yanayoota katikati ya vidole yapunguzwe ili asiteleze, kucha zikatwe, na kochini awekewe kiti kidogo cha kupandia. Daraja la 3 na la 4, au mbwa anayelia kwa maumivu, wanahitaji kuzungumziwa upasuaji.

Usichanganye na mambo mawili. Kijana wa kati ya miezi minne na mwaka mmoja anayechechemea mguu uleule kila siku, na paja lake linazidi kusinyaa, huenda kichwa cha mfupa wa paja kimekosa damu na kinaoza. Hiyo inahitaji eksirei, na tiba yake kwa kawaida ni upasuaji. Na kijibwa aliyeruka kutoka mikononi mwa mtoto, akalia kwa ukali na kushika mguu wa mbele juu, mchukulie kuwa amevunjika mpaka picha ikatae. Mifupa ya mikono yake ni myembamba kama penseli, na huvunjika karibu na kifundo. Watoto wamchukue wakiwa wameketi chini.

Fizi zimepauka, homa, hataki kula: kupe

Hapa ndipo nina uchungu zaidi, maana nimeona wengi wakifa kwa ugonjwa unaotibika, na wachache wakifa kwa dawa.

Kwanza ugonjwa. Kupe wa kahawia wa mbwa anaishi nasi ndani: kwenye nyufa za ukuta, chini ya mlango, kwenye tandiko. Anaambukiza babesia, kijidudu kinachopasua chembe nyekundu za damu, na elikia, kinachoshambulia chembe nyeupe na kupunguza zile za kugandisha damu. Dalili za mwanzo ni uchovu na joto la mwili kupanda juu ya nyuzi 39.5 (kawaida yake ni kama 38.3 hadi 39.2). Kisha fizi hupauka. Mkojo rangi ya chai ya rangi huashiria babesia. Damu puani au madoa mekundu tumboni huashiria elikia, na anaweza kuwa na vyote viwili. Mbwa wa kilo 30 anaweza kukupa siku kadhaa za kujiuliza. Mwenye mililita 200 za damu hana siku hizo. Daktari atachukua tone la damu, mara nyingi ncha ya sikio, na kulitazama kwenye hadubini.

Sasa dawa. Duka la pembejeo liko karibu, dawa ya kuogeshea ng'ombe ni rahisi, na muuzaji atakuambia "changanya kidogo tu." Nyingi ya dawa hizo ni amitrazi, na Chihuahua wanajulikana kwa kutoivumilia, chotara wake usimjaribu. Mbwa aliyelewa amitrazi husinzia, hutapika, mapigo ya moyo hupungua na mwili hupoa. Ukiona hivyo, muoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mkimbize kliniki.

Sindano ya ivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ng'ombe, je? Ile ya asilimia 1 imepangwa mililita 1 kwa kilo 50 za ng'ombe. Kwa kilo 2.4 hesabu hiyo inatoa chini ya mililita 0.05, tone ambalo bomba la kawaida la sindano haliwezi kulipima. Mkono ukitetemeka kidogo, amepata mara tano au kumi zaidi: mboni zinatanuka, mate yanatoka, anapepesuka, anapofuka. Nunua dawa ya mbwa iliyoandikwa uzito wa mbwa anayefaa kwenye pakiti, iwe ya kudondoshea mgongoni au kidonge, na usigawanye ile ya mbwa mkubwa kwa kukadiria.

Kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia na katikati ya vidole. Ukikuta jipu lenye kitundu katikati, na kitu kinachezacheza ndani, hilo ni buu la nzi wa embe. Paka mafuta mazito ya mgando uzibe kitundu, buu litasogea juu kutafuta hewa, na daktari alitoe zima. Likipasukia ndani, linaleta uvimbe.

Mdomo unanuka, anakula upande mmoja

Mbwa huwa na meno ya utoto 28 na ya ukubwani 42, na hayo 42 ni yaleyale awe na taya la kilo 40 au la kilo 2. Msongamano huo hushika mabaki ya chakula na ukoga. Akifikisha miezi saba, funua mdomo: ukikuta chonge mbili zimesimama pamoja mahali pa moja, ya utoto imegoma kutoka na inapaswa kung'olewa. Ni vizuri ifanyike siku ileile anapofungwa kizazi, usingizi wa dawa uwe mmoja.

Kwa kila siku, mswaki mlaini wa mtoto na dawa ya meno ya mbwa. Yetu haifai, kwa sababu yeye huimeza. Ukoga uliokwisha kuwa jiwe hautoki kwa mswaki, wala usiukwangue na kisu. Ukiachwa miaka, fizi hurudi nyuma, mzizi huoza, na nimewahi kuona taya la kijibwa mzee limevunjika kwa kutafuna mfupa tu.

Anahara au anatapika

Mara moja tu na bado anacheza: mpe maji kidogo kidogo, na wali laini wenye kuku wa kuchemsha usio na chumvi, kitunguu wala mafuta. Usimfungishe mtoto wa mbwa eti tumbo lipumzike. Umeshasoma kuhusu sukari. Kuhara damu yenye harufu kali pamoja na kutapika, kwa ambaye hajamaliza chanjo, mchukulie kuwa ana parvo, virusi hatari vya utumbo, na umpeleke siku hiyo. Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Kichaa cha mbwa nacho kina chanjo yake, hata kama hatoki nje.

Mara nyingi chanzo ni mezani. Kijibwa huyu anahitaji kama kalori 200 kwa siku, na chapati moja nono ya mafuta inafika hapo peke yake. Ugali humjaza tumbo kabla hajapata nyama ya kutosha. Kitunguu, zabibu, chokoleti na karanga za makadamia ni sumu kwake, na mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vikali. Panadol, diclofenac na ibuprofen za kwetu zisimguse.

Madogo ya kila siku

Michirizi ya kahawia chini ya macho ni rangi iliyomo kwenye machozi. Futa kwa pamba yenye maji safi, na umwone daktari kama jicho jekundu au limefumba. Akiburuta makalio sakafuni, tezi za pembeni ya njia ya haja kubwa zimejaa, au ana minyoo. Akikojoa ndani, kumbuka kibofu chake ni kama kijaluba: mtoe kila baada ya kuamka, kula na kucheza, umsifu papo hapo, na umkague mkojo kama alikuwa ameshazoea kisha akaanza upya. Akibweka na kutishia kuuma wageni, kwa kawaida ni hofu. Kila mtu humnyanyua bila kumwomba, ndiyo maana. Mwache asogee mwenyewe.

Anatetemeka

Lushoto, Njombe au Arusha mwezi Julai, anatetemeka kwa baridi, mvalishe sweta. Wakati wa radi na fataki anatetemeka kwa hofu. Akitetemeka huku mgongo ameukunja na hataki kuguswa, ni maumivu. Kwa mtoto wa mbwa, rudi kwenye asali.

Anayenyonyesha ni suala jingine. Wiki ya kwanza hadi ya nne baada ya kuzaa, mama mdogo mwenye watoto wengi anaweza kuishiwa kalsiamu kwenye damu kwa kuwa yote inaenda kwenye maziwa. Anahema, hatulii, anawapuuza watoto, anatembea miguu imekakamaa, kisha anaanguka akitetemeka mwili mzima na joto linapanda. Kalsiamu anayohitaji inaingizwa mshipani polepole na daktari huku moyo ukisikilizwa; kumpa vidonge vya kalsiamu akiwa na mimba hakumkingi, huongeza hatari. Watoe watoto ziwani wakati huohuo, uwaweke kwenye beseni lenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, mpigie daktari simu ajiandae, na umtajie uzito wa mama kwa gramu kabla hamjatoka nyumbani.